Mkono Unaovuliwa Saa Kumi

Hizo video mmeziona. Mtu ameketi mezani, mkono wake wa bayoniki unang'aa kama simu iliyotoka dukani leo, vidole vinajikunja kimoja kimoja, na mbele yake kuna yai. Karibu kila mara ni yai. Analishika, analiinua, halivunjiki. Watu wanapiga makofi na wewe unaituma kwa grupu ya familia.

Mimi hutamani kamera isizimwe. Nataka kumwona mtu huyo saa kumi jioni, akiwa amevaa mkono wake tangu asubuhi, amefanya kazi, amepika, amebeba mtoto, na jasho limejaa pale ngozi inapokutana na plastiki. Bado ameuvaa? Ama umelala kwenye kiti kando yake?

Si swali la utani. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Toronto, Elaine Biddiss na Tom Chau, walikusanya tafiti za miaka 25 kuhusu watu waliopewa mikono bandia kisha wakaikataa. Kwa wastani, katika kila watu wazima 100 waliopewa mkono wa kuvutwa kwa waya, 26 waliukataa. Wa umeme ulikataliwa na 23. Kwa watoto ilikuwa 45 na 35. Hebu rudia hizo za watu wazima: 26, 23. Miaka hiyo yote ya betri, mota na elektrodi, na tofauti ni watu watatu.

Historia ya mkono bandia husimuliwa kama ngazi. Chuma, kisha waya, kisha umeme, kisha kompyuta, na kila kizazi kinapanda. Niliacha uhandisi mwaka wa pili karo ilipokwama, lakini kusoma hakuhitaji karo, na kadiri ninavyosoma habari hizi ndivyo ninavyoona kwamba mashine ilipanda na mvaaji akaachwa chini akijikuna.

Tupitie chuma haraka. Mwaka 1504, katika vita vya Landshut huko Bavaria, mpiganaji wa farasi wa Kijerumani kwa jina Götz von Berlichingen alipoteza mkono wa kulia kwa mzinga. Mkono wa chuma aliotengenezewa baadaye upo hadi leo katika ngome ya Jagsthausen. Vidole vyake vina viungo. Unavikunja kwa mkono ule mzima, springi inavifunga, ukibonyeza kitufe vinaachia. Götz alirudi vitani nao na kupigana miaka mingi. Ni kazi ya fundi hodari sana, lakini ulikuwa mkono wa kushika hatamu na silaha. Mtu wa tabaka lake hakuwa na haja ya kuosha sufuria.

Hatua inayonivutia zaidi ilianzia kwa majirani zetu. Machi 1896, jeshi la Menelik II liliwashinda Waitaliano pale Adwa, na ushindi huo sisi tuliopitia darasa la historia tunaujua kwa moyo. Kinachotajwa haraka haraka ni yaliyowapata askari wa Eritrea waliopigana upande wa Italia wakatekwa. Walihesabiwa wasaliti, na adhabu ya msaliti ilikuwa kukatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Walikuwa mamia.

Habari za mikono hiyo ndizo zilizomwamsha daktari mmoja wa Toscana, Giuliano Vanghetti. Mwaka 1898 alichapisha wazo ambalo kwa wakati huo lilisikika kama ndoto: misuli iliyobaki kwenye kigutu bado iko hai. Mtu akitaka kufumba kiganja ambacho hakipo, msuli wa juu unakaza vilevile. Amri inafika, ila hakuna wa kuipokea. Kwani daktari hawezi kuutengeneza msuli huo uwe na mahali pa kushikia, ili uuvute mkono bandia wenyewe?

Ilichukua Vita vya Kwanza vya Dunia, na vigutu vya maelfu ya vijana wa Ulaya, kwa wazo hilo kufanywa kwa wingi. Mpasuaji wa Kijerumani Ferdinand Sauerbruch alitoboa njia katikati ya msuli, akaitandika ngozi ya mgonjwa mwenyewe kwa ndani, kisha akapitisha kijiti cha pembe ya ndovu. Kijiti kiliunganishwa na vidole vya bandia. Kaza msuli, vidole vinafumba. Nimekaa na picha hiyo siku nyingi, bana: wazo lililoamshwa na mikono ya Waeritrea, likapita kwenye pembe ya ndovu, likafika kwa Wajerumani.

Na ilifanya kazi. Lakini mvaaji alibaki na tundu mwilini la kuosha na kutunza maisha yake yote, na ngozi ya ndani haikukubali kusuguliwa kila siku bila kulalamika. Si kila mtu aliyeuzoea.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Mmarekani mmoja alikuwa ameshapata jibu lisilopendeza macho hata kidogo. David Dorrance alikuwa amepoteza mkono wa kulia kwenye kiwanda cha mbao. Mwaka 1912 akapata hataza ya kulabu ya chuma yenye midomo miwili. Raba zinaifunga, na waya unaopita mgongoni hadi bega la upande wa pili unaifungua. Ukisogeza bega mbele, midomo inaachana. Hakuna betri, hakuna daktari, hakuna vidole. Zaidi ya miaka 100 baadaye kulabu hiyo bado inatengenezwa na bado kuna watu ambao ukiwapa mkono wa bayoniki wa bei ya gari watakuambia asante, halafu kesho utawakuta na kulabu.

Sababu yake si ushamba. Ule waya wa begani unazungumza. Kulabu ikigusa kitu kigumu, mvutano unarudi kwenye bega na mwili unajua: nimeshika, nimekaza kiasi hiki. Unaweza kufanya kazi huku unatazama kwingine. Mkono wa umeme uliokuja baadaye ulikuwa bubu. Ulifumba kwa nguvu, na njia ya kujua umefumba ilikuwa kuukodolea macho.

Mjomba wangu angeelewana na Dorrance. Alipoteza mkono wa kushoto kwa mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, na kama wewe ni mtu wa Kiambu ama Nyandarua hiyo mashine sihitaji kukueleza. Miaka miwili baadaye alipata mkono wa msaada kupitia hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Mkono safi, vidole visivyosonga, umevikwa glavu ya rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mjomba ni mweusi kama mimi. Nilipomuuliza mbona hauvai, alisema, "Huo ni wa kanisani, mjomba." Na ni kweli, kwa mazishi na harusi huwa anao, mkono wa shati umefungwa kifungo hadi chini ili rangi isionekane sana.

Kwa kazi alienda kwa fundi wa viatu sokoni. Akashonewa kifuko cha ngozi cha kuvaa kwenye kigutu, mbele kina pete ya chuma. Mpini wa jembe unapita kwenye pete. Ndoo inaning'inia kwenye pete. Kikilowa anakianika kwenye ua. Nilimwonyesha ile video ya yai. Aliitazama hadi mwisho bila kusema neno, kisha akauliza maswali mawili: ukitoa jasho unafanyaje, na ng'ombe akikojolea je?

Ninavyoyaona mimi, maswali hayo ndiyo yaliyowasumbua wahandisi karne nzima, hata pale ambapo hawakuyauliza kwa sauti.

Umeme uliingia kupitia mwanafunzi. Reinhold Reiter alikuwa akisoma fizikia Munich miaka ya mwisho ya Vita vya Pili, na siwezi kuficha kwamba nimefurahi kuona hakuwa profesa. Alijua kwamba msuli ukikaza hutoa umeme kidogo sana ambao unaweza kunaswa juu ya ngozi. Akaunasa, akaukuza, akautumia kuendesha mkono. Mwaka 1948 ulionyeshwa kwenye maonyesho ya Hannover. Tatizo lilikuwa kwamba vikuzaji vya siku hizo vilikuwa vya taa za kioo, vikubwa na vyenye njaa ya stima, kwa hiyo mvaaji alifungwa kwenye meza ya kazi. Ukisimama kwenda msalani, mkono unabaki.

Transista ilipokuja, ndoto ikafunguliwa kutoka mezani. Mnamo 1960 kundi la Alexander Kobrinski huko Moscow lilikuwa na mkono wa umeme wa misuli ambao mtu aliweza kutembea nao, betri na mitambo vikiwa kwenye mshipi kiunoni. Dunia ilishangaa. Waingereza na Wakanada walitaka kuupata. Na hapo ndipo msiba ukaingia, ukageuza kila kitu.

Kati ya 1957 na 1961 dawa ya thalidomaidi iliuzwa, kuanzia Ujerumani Magharibi, kama dawa ya usingizi na baadaye ya kichefuchefu cha wajawazito. Watoto wapatao 10,000 duniani walizaliwa na madhara yake, wengi wakiwa na mikono mifupi sana ama bila mikono kabisa. Serikali zilitoa pesa. Wahandisi wakaitwa. Jibu lililopendwa na wengi wakati huo lilikuwa mikono ya gesi: mtungi mdogo wa kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa, mirija, na vali ambazo mtoto alizifungua kwa kusogeza bega.

Hebu fikiria mtoto wa miaka mitatu. Amefungwa fulana ngumu kifuani na mikanda, mikono inafanya shhh kila ikisogea, na gesi inaisha katikati ya mchezo. Huyo mtoto nyumbani anakula kwa miguu, anachora kwa miguu, anamvuta nduguye nywele kwa miguu, na hana shida. Yeye hakupoteza mikono. Alizaliwa hivyo, mwili wake ulikuwa kamili machoni pake, sasa watu wazima wanamwongezea mzigo na kumwambia asile kwa miguu mbele ya wageni. Wengi wao walipokua na kupata sauti ya kukataa, walikataa. Mikono ikaenda kabatini, na baadaye kwenye majumba ya makumbusho.

Kati ya waliojenga mikono hiyo kuna mmoja ambaye namheshimu. David Simpson, Edinburgh, alitengeneza mikono ya gesi ambayo mahali bega lilipo ndipo mkono ulipo. Bega likipanda kiasi, mkono unapanda kiasi hichohicho, na mkono ukizuiwa na kitu bega nalo linazuiwa. Mtoto alijua mkono wake uko wapi bila kuutazama. Alikuwa ameona siri ya waya wa Dorrance na kuitia kwenye mashine. Hata yake ilivuliwa, kwa sababu uzito na mikanda havikwenda popote, lakini swali lake lilikuwa sahihi na lilisubiri miaka 50 kupata vifaa vya kulijibu.

Ni Edinburgh hiyohiyo iliyoleta mkono ambao wengi wenu mnaufikiria mkisikia neno bayoniki. David Gow, mhandisi wa huduma ya afya ya umma ya huko, aliufanyia kazi kwa miaka mingi, na mwaka 2007 kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo, Touch Bionics, ikatoa i-Limb: mkono wa kwanza kuuzwa ambao kila kidole kina mota yake. Kabla ya hapo mkono wa umeme chini ya glavu ulikuwa koleo. Gumba na vidole viwili vilifumba pamoja, basi, na vidole vingine vilifuata kama abiria.

Mtu anaweza kusema hiyo ni urembo tu. Sivyo. Ukiwa na koleo, lazima ukiendee kitu kutoka upande unaofaa koleo. Kushika glasi mezani unainua kiwiko, unapandisha bega, unapinda mgongo. Fanya hivyo mara 100 kwa siku na shingo itakuambia usiku, na mkono ule mzima utachoka kwa kufanya kazi ya wawili. Vidole vya i-Limb vikikutana na kitu kila kimoja husimama kwa wakati wake, kwa hiyo mkono hujifinyanga kuzunguka umbo la kitu, na hauhitaji kubana kwa nguvu kama koleo ili kisiponyoke. Mwili unabaki wima zaidi. Raha ya mkono wa bayoniki, ile inayoonekana saa kumi jioni, nyingi iko hapo, kwenye bega na mgongo, sehemu ambazo kamera haielekezwi.

Halafu kuna raha ya kutoona haya. Zamani lengo lilikuwa mkono usitambulike, na wanaojua rangi ya chai ya maziwa wanajua lengo hilo lilimsahau nani. Mwaka 2018 kampuni ya Open Bionics ya Bristol ilitoa Hero Arm, mkono unaochapishwa kwa printa ya 3D, ambao haujaribu kabisa kufanana na ngozi ya mtu yeyote. Unachagua magamba ya rangi unayotaka, hata ya mashujaa wa filamu, na unayabadilisha kama kava la simu. Mtoto anaingia darasani wenzake wakitaka kuugusa. Zaidi ya hapo, sehemu inayovaliwa ina matundu ya hewa na inaweza kukazwa na kulegezwa. Mtu fulani pale alikuwa ameuliza habari za jasho.

Sasa tuje kwa ule ububu. Mwaka 2002 huko Chicago, daktari na mhandisi Todd Kuiken pamoja na wenzake walimsaidia Jesse Sullivan, fundi wa nguzo za stima wa Tennessee aliyepoteza mikono yote miwili kwa umeme. Neva zilizokuwa zikienda mkononi zilihamishiwa kwenye misuli ya kifua. Akiwaza kufumba kiganja, kifua kinakaza, elektrodi zinasoma, mkono wa bandia unafumba. Kisha likatokea jambo la pili: ukimgusa kifuani, Sullivan alihisi ameguswa mkono. Ramani ya mkono wake ilikuwa imeota upya juu ya moyo.

Miaka kumi na kidogo baadaye, Roma, Mdenmaki Dennis Aabo Sørensen, aliyepoteza mkono wa kushoto kwa fataki, aliwekewa elektrodi ndani ya neva za mkono. Wakamfunga macho na kumziba masikio. Wakampa vitu kupitia mkono wa bandia, naye akaweza kutofautisha kigumu na laini, na chenye duara na kisicho nalo. Matokeo yalichapishwa 2014. Baada ya takriban mwezi mmoja elektrodi zilitolewa, kwa kuwa kanuni za usalama za majaribio hazikuruhusu zikae zaidi. Akarudi kwenye mkono wake wa kila siku, ule usiohisi. Katika habari hii yote hakuna sehemu inayonikaa rohoni kama hiyo.

Lakini jasho, uzito na ng'ombe bado havijajibiwa, maana vyote vinakaa kwenye soketi, lile bakuli gumu ambalo kigutu huingizwa. Kiganja chako, kuanzia kifundo, kina uzito wa takriban gramu 400. Hujawahi kukihisi kama mzigo kwa kuwa kimeshikiliwa na mfupa na kano. Mkono wa bayoniki una uzito unaokaribia huo ama kuuzidi kidogo, ila unaning'inia kwenye ngozi. Ngozi haikuumbwa kuning'iniza kitu. Inasugulika, inatoa jasho, kigutu kinavimba na kunywea, na elektrodi zilizo ndani ya soketi zikilowa ama zikihama kidogo, mkono unaanza kufanya mambo yake. Hapo hata kompyuta bora haikusaidii. Wavaaji wengi wameshawahi kuona mkono ukiachia kikombe wakati wao hawajauambia kitu.

Jibu lilikuwa limelala kwa madaktari wa meno. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua miaka ya 1950 kwamba mfupa na titani hushikana, mfupa ukamea ukikumbatia chuma kana kwamba ni chake. Meno ya bandia yalifaidi kwanza. Kisha mwanawe Rickard na wenzake wakaanza kupandikiza vijiti vya titani kwenye mifupa ya watu waliokatwa viungo, na soketi ikatupwa. Mkono unachomekwa kwenye mfupa wenyewe.

Januari 2013 huko Gothenburg, kundi la Rickard Brånemark na Max Ortiz Catalan lilienda mbele zaidi. Mgonjwa wao alikuwa dereva wa lori kutoka kaskazini mwa Sweden, aliyekuwa amepoteza mkono miaka kumi kabla. Elektrodi ziliwekwa kwenye misuli na neva, ndani ya mwili, na nyaya zao zikapitishwa katikati ya kile kijiti cha titani. Hakuna soketi ya kutoa jasho. Hakuna elektrodi juu ya ngozi ya kuteleza ama kugoma baridi ikizidi, na kaskazini mwa Sweden baridi haina mzaha. Hakuhitaji tena kunyanyua mkono kwa namna maalum ili uelewe amri. Alinyoosha, akainua, akafanya kazi juu ya kichwa, ukatii.

Aliondoka maabara nao akaenda nyumbani, na akarudi kazini. Alifunga mizigo kwenye trela, akaendesha mashine, na majira ya barafu yalipofika akawafunga watoto wake kamba za viatu vya kuteleza.